Kompyuta za nyumbani zinapokataa kushea mafaili: dalili, chanzo na la kufanya

"Fundi, laptopu ya mama haionekani kwenye yangu." "Inaonekana, ila nikibofya inagoma." "Inataka paswedi, na paswedi naiandika sawasawa kabisa." "Mbona jana ilikuwa inakubali?" Malalamiko ya kushea mafaili nyumbani huzunguka humohumo. Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako. Vyanzo vimeanza na kile kinachotokea mara nyingi zaidi, kwa hiyo usiruke ukaguzi wa kwanza kwa kuuona wa kitoto.

Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye Windows ya Kiingereza, maana ndiyo iliyomo kwenye mashine nyingi hapa Kigoma.

Kabla ya kugusa chochote

Tuondoe hofu moja kwanza. Kushea mafaili kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye ruta moja hakuli bando. Faili linatoka laptopu ya sebuleni, linapita kwenye ruta, linaingia kompyuta ya chumbani, basi. Hata ruta isiyo na salio lolote inaifanya kazi hiyo. Kinachokula bando ni folda iliyofungwa na OneDrive au huduma kama hiyo, kwa sababu yaliyomo hupandishwa mtandaoni. Ukiona bando linayeyuka wakati unahamisha picha, angalia kama folda uliyoishea imo ndani ya OneDrive. Windows 11 ina tabia ya kuiweka Desktop na Documents humo, na mwenye mashine wala hana habari.

Halafu tukubaliane majina mawili. Kompyuta yenye mafaili nitaiita mwenyeji. Inayoyaomba nitaiita mgeni. Nasisitiza kwa sababu watu huhangaika saa nzima na kompyuta ya mgeni, ile wanayoiona inagoma, wakati kosa mara nyingi liko kwa mwenyeji.

Mwisho, izime ruta, uiwashe, kisha uzianzishe upya kompyuta zote mbili kwa kitufe cha Restart. Si Shut down. Kwenye mashine nyingi Shut down haizimi kila kitu. Windows huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka kesho, na kosa linaweza kuamka nayo.

Dalili: kompyuta nyingine haionekani kabisa

Chanzo kinachoongoza ni kwamba kompyuta hizo haziko mtandao mmoja, hata kama zote zina intaneti. Kwenye kila moja bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika ipconfig. Tafuta mstari wa IPv4 Address. Kwa ruta za nyumbani, mafungu matatu ya mwanzo yanatakiwa yafanane. 192.168.8.101 na 192.168.8.104 ziko pamoja. 192.168.8.101 na 192.168.1.34 haziko pamoja, na hapo hakuna mpangilio wa Windows utakaokuokoa.

Hali hiyo inatokeaje ndani ya nyumba moja? Chukua nyumba ya mtaa wa Mwanga au Gungu hapa Kigoma yenye vyumba vya uani. Ruta ya 4G iko sebuleni, waifai haivuki kuta za matofali ya kuchoma, kwa hiyo mtu ameongeza ruta ya pili huko nyuma na kuchomeka waya kwenye tundu lililoandikwa WAN. Intaneti inafika hadi jikoni, kila mtu anafurahi. Lakini ruta ya pili imeanzisha mtandao wake, umejificha nyuma ya ule wa kwanza. Utaitambua kwa dalili moja ya ajabu: aliye uani anaweza kumfikia wa sebuleni kwa kuandika namba yake, ila wa sebuleni hamfikii wa uani hata afanye nini.

Dawa yake ni kuifanya ruta ya pili isiwe ruta, iwe kituo cha waifai tu. Ingia kwenye mipangilio yake, ipe anwani isiyogongana na yoyote katika mtandao wa ruta ya kwanza (kama ya kwanza ni 192.168.8.1, hii iwe 192.168.8.2), zima DHCP (kazi ya kugawa anwani), kisha utoe waya kwenye WAN na kuuchomeka kwenye tundu mojawapo la LAN. Ruta nyingine zina kitufe cha Access Point kinachofanya hayo yote kwa mkupuo. Kama kipo, kitumie.

Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, kompyuta hiyo haikupewa anwani na ruta, ikajitungia yake. Angalia waya umeingia vizuri, au isahau waifai na kuunganisha upya. Laptopu zote za nyumbani zikipata 169.254 kwa pamoja, wa kulaumiwa ni ruta.

Chanzo cha pili ni waifai ya wageni. Ruta nyingi hutoa jina la pili la waifai lenye neno Guest, na kazi yake hasa ni kuwazuia watumiaji wasionane. Kuna pia mpangilio uitwao AP Isolation au Client Isolation unaofanya hivyohivyo kwenye waifai ya kawaida. Anwani zitafanana, intaneti itakuwepo, na kompyuta zitaishi kama hazifahamiani. Ingia kwenye ruta, uuzime.

Anayetumia hotspoti ya simu asikate tamaa: laptopu mbili kwenye hotspoti moja kwa kawaida zinaonana. Ila anwani zinaweza kubadilika kila unapoiwasha, na simu nyingine hutenganisha walioungwa bila kukupa pa kubadilisha. Mafaili hayali bando hapo pia, lakini masasisho ya Windows yatalila. Weka alama ya Metered connection kwanza, ili Windows ijue kwamba mtandao huo una bando la kuhesabiwa.

Chanzo cha tatu, na hiki kinashindana na cha kwanza: Windows imeusajili mtandao wa nyumbani kuwa Public. Ikiuona mtandao mpya huuchukulia kama wa stendi au hotelini, ikajificha. Fungua Settings, kisha Network & internet, bofya mtandao ulioungwa, chagua Private. Fanya hivyo kwa mwenyeji na kwa mgeni. Kisha kwenye Windows 11 nenda Advanced network settings, halafu Advanced sharing settings. Kwenye Windows 10 iko Control Panel, ndani ya Network and Sharing Center. Upande wa Private washa Network discovery na File and printer sharing.

Kama Network discovery inajizima kila ukiiwasha, kuna huduma za Windows zilizolala. Andika services.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, uzitazame hizi: Function Discovery Provider Host, Function Discovery Resource Publication, SSDP Discovery na UPnP Device Host. Ile ya pili ndiyo inayoitangaza kompyuta kwa wenzake. Iweke Automatic (Delayed Start), uianzishe.

Cha mwisho hapa ni VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwa njia ya siri kupitia kompyuta nyingine. Vijana wengi wanayo na wamesahau kwamba imewaka. Programu za VPN zinaweza kuzuia mtandao wa ndani kwa makusudi. Izime, ujaribu tena kabla hujalaumu ruta.

Na kama orodha ya Network bado ni tupu, usiipe uzito kupita kiasi. Orodha hiyo ni ubao wa matangazo tu. Fungua folda yoyote, kwenye mstari wa anwani juu andika mikwaju miwili ya nyuma na namba ya mwenyeji, kama \\192.168.8.101, kisha Enter. Folda zikifunguka, huna tatizo la kushea. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Map network drive, ipe herufi, na maisha yaendelee.

Dalili: inaonekana au namba unaijua, lakini inasema haipatikani

Mara nyingi ujumbe huu huja na namba 0x80070035, maana yake njia ya kwenda kwa mwenyeji haikupatikana.

Anza kwa kulinganisha jina na namba. Ukiandika jina la kompyuta inagoma lakini ukiandika namba inakubali, tatizo ni jina. Hutokea sana kwa kompyuta zilizonunuliwa kwa pamoja au kuwekewa Windows na mtu mmoja kwa kunakili diski: zote mbili zinaitwa jina lilelile. Nenda Settings, System, About, Rename this PC, uipe moja jina jingine. Fupi, bila nafasi. SEBULENI inatosha.

Namba nayo ikigoma, hakikisha kuna kitu kilichoshewa. Kwa mwenyeji andika net share kwenye Command Prompt (ile cmd ya mwanzo). Utaona orodha. Zile zinazoishia na alama ya dola, kama C$ na ADMIN$, ni za Windows yenyewe na si za kwako. Kama hakuna nyingine, basi hujashea chochote. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Sharing, Share.

Kisha fayawoli, ulinzi unaochuja kinachoingia kwenye kompyuta kupitia mtandao. Hapa ndipo ushauri mbaya unapozagaa: "zima fayawoli yote, itakubali." Itakubali kweli, na mashine itabaki wazi siku zote, maana hakuna anayekumbuka kuiwasha tena. Windows ikiwa kwenye Private na File and printer sharing imewashwa, fayawoli yake yenyewe hufungua panapohitajika. Mkaidi mara nyingi ni antivairasi ya kununua au ya majaribio iliyokuja na laptopu, ambayo huleta fayawoli yake na kuupuuza mpangilio wa Windows. Ifungue, tafuta orodha ya mitandao, uutambulishe wa nyumbani kama wa kuaminika. Ikiwa muda wake umekwisha na hulipii, iondoe kabisa. Ile iliyomo ndani ya Windows itachukua nafasi yake.

Ukitaka uhakika, kwa mgeni fungua PowerShell uandike:

Test-NetConnection 192.168.8.101 -Port 445

Poti 445, yaani mlango wa mtandao wenye namba hiyo, ndiyo Windows inayotumia kushea mafaili. Mstari wa TcpTestSucceeded ukisema True, njia iko wazi, na tatizo lako limehamia kwenye paswedi au ruhusa. Ukisema False, kuna kizuizi kati. Usitegemee ping, ile amri ya kupima kama kompyuta inajibu, peke yake. Fayawoli inaweza kuizuia ping huku mafaili yanapita vizuri, ukapoteza jioni nzima unatafuta kosa lisilokuwepo.

Chanzo cha mwisho ni umri. Windows XP na baadhi ya vifaa vya zamani vinajua lugha moja tu ya kushea, SMB1, ambayo Windows 10 na 11 huja nayo ikiwa imezimwa tangu toleo la 1709 la mwaka 2017. Sababu ni nzito: udhaifu wa SMB1 ndio uliokipitisha kirusi cha WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai fedha, kwenye kompyuta za dunia nzima Mei 2017, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi. Utakutana na video zinazokuonyesha jinsi ya kuiwasha tena. Usiiwashe. Windows 7 inajua SMB2, kwa hiyo hata yenyewe haihitaji SMB1, ingawa kwa kuwa haipati masasisho ya usalama tangu Januari 2020 ningeihamisha mafaili yake kwa flashi na kuiacha nje ya mtandao.

Kundi hilohilo linaziingiza ruta zenye tundu la USB ambamo watu huchomeka diski ili nyumba nzima ione muvi. Nyingine zinajua SMB1 tu. Nyingine zinaruhusu kuingia bila jina wala paswedi, na Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 inalikataa hilo, ikikuletea ujumbe kuhusu sera za usalama za taasisi yako. Nyumbani Katubuka, hakuna taasisi! Kama ruta inakuruhusu kuweka jina na paswedi ya diski, weka. Ikishindikana, maoni yangu ni kuchomoa diski, kuichomeka kwenye kompyuta inayokaa nyumbani, na kuishea kutoka hapo.

Dalili: inaomba jina na paswedi, na kila unachoandika inakataa

Hii ndiyo inayowatoa watu machozi, kwa hiyo tuitulie.

Kinachotakiwa hapo ni jina na paswedi ya mwenyeji. Si ya mgeni, si ya waifai. Na PIN haikubaliki. Zile tarakimu nne au sita unazofungulia laptopu kila asubuhi zinafanya kazi kwenye laptopu hiyo tu, hazipiti kwenye mtandao. Wengi wameingia kwa PIN muda mrefu hadi paswedi yenyewe wameisahau, na wanaapa kwamba wanaijua.

Kama mwenyeji anatumia akaunti ya Microsoft, jina ni barua pepe kamili na paswedi ni ya akaunti hiyo ya Microsoft. Kama ni akaunti ya kawaida isiyo na paswedi, Windows haitamruhusu yeyote aingie kwa mtandao kwa akaunti hiyo. Ni ulinzi uliowekwa kwa makusudi. Ama uipe paswedi, ama ufanye kama nifanyavyo mimi kwenye nyumba nyingi: unda akaunti moja ya pembeni kwa ajili ya kushea tu. Kwa mwenyeji fungua Command Prompt kwa Run as administrator, uandike:

net user familia * /add

Itakuuliza paswedi mara mbili, na herufi hazitaonekana unapoandika, endelea tu. Kisha kwenye folda, Properties, Sharing, Share, mwongeze familia. Kwa mgeni, jina liandikwe pamoja na la kompyuta, mfano SEBULENI\familia, na uweke alama ya kukumbuka. Baba hahitaji kugawa paswedi ya barua pepe yake kwa watoto, na akiibadilisha kesho hakuna kitakachoharibika.

Kama paswedi ni sahihi na bado inakataa, huenda mgeni amekariri ya zamani. Fungua Credential Manager, pale Windows inapohifadhi paswedi, kisha Windows Credentials, ufute kila kilichoandikwa jina au namba ya mwenyeji. Ujumbe ukilalamika kwamba kuna miunganisho zaidi ya mmoja kwa majina tofauti, na pengine namba 1219, andika net use * /delete, ukubali, ujaribu upya. Herufi za diski za mtandao zitafutika na utaziweka tena.

Kisha angalia kibodi, hasa hapa kwetu. Laptopu za mtumba zilizopitia Bujumbura au ng'ambo ya ziwa huja na kibodi ya Kifaransa. Kwenye hiyo A imekaa pa Q, Z imekaa pa W, na tarakimu za mstari wa juu hutoka kwa kubonyeza Shift. Kwa kuwa paswedi huonekana nukta tu, mtu anaandika kwa mazoea na kila mara inatoka nyingine. Iandike kwanza kwenye Notepad uisome kwa macho. Halafu ifute, usiihifadhi. Windows yenyewe ikiwa ya Kifaransa, kundi la Everyone utalikuta linaitwa Tout le monde.

Kuhusu kuzima Password protected sharing, ndiyo njia ya mkato inayopendwa kuliko zote. Miaka ya nyuma ilikuwa inakubali. Leo mgeni mwenye Windows 11 Pro ya 24H2 ataikataa kwa sababu ileile ya kuingia bila paswedi. Na hata inapokubali, kila anayeijua waifai yenu amekaribishwa kwenye folda. Jirani naye anaijua, maana mtoto alishampa.

Kuna chanzo kimoja kipya na kigumu. Kuanzia masasisho ya mwisho wa Agosti 2025, Windows 11 ya 24H2 na 25H2 inakataa kutambuana na kompyuta yenye kitambulisho cha ndani kinachofanana na chake. Zinazoumia ni zile za kunakiliwa diski. Andika whoami /user kwenye mashine zote mbili. Utaona mfululizo unaoanza na S-1-5-21. Ukifanana wote hadi kabla ya fungu la mwisho, umelipata tatizo. Dawa ni kuiweka Windows upya kwa njia safi kwenye mojawapo, na kazi hiyo mpe fundi, ukishahifadhi mafaili pembeni.

Dalili: unaingia, lakini huna ruhusa

Ruhusa ziko sehemu mbili, na zote lazima zikubali: geti na mlango wa chumba. Geti ni ukurasa wa Sharing, mlango ni ukurasa wa Security. Geti likisema Full Control na mlango ukisema Read, utasoma tu. Kila mara ile kali zaidi ndiyo inayoshinda.

Unayeweza kusoma bila kuandika, nenda kwa mwenyeji, Properties, Sharing, Advanced Sharing, Permissions, uweke Change kwa akaunti ya familia. Kisha Security, Edit, umpe Modify. Usikimbilie Everyone na Full Control. Na kamwe usishee diski C nzima ili tu mtoto aone picha za harusi.

Ikiwa folda inafunguka na faili moja tu ndani yake linakataa, huenda liliingizwa kwa Cut na Paste. Faili likihamishwa ndani ya diski hiyohiyo hubaki na ruhusa za lilikotoka, lakini likinakiliwa huchukua za folda mpya. Linakili kwa Copy na Paste mahali pengine nje ya folda hiyo, ufute la awali, ulirudishe tena kwa kunakili.

Diski ya nje iliyotoka kwenye kompyuta iliyokufa huwa na ruhusa za watu ambao hawapo tena: kwenye Security utaona mfululizo mrefu wa S-1-5-21 badala ya jina. Kuichukua umiliki kunawezekana kupitia Advanced, Owner, Change. Nakili kwanza yaliyo muhimu kabla hujaanza.

Dalili: jana ilikubali, leo imegoma

Umeme ulikatika? Ndilo swali la kwanza. Ruta ikiwaka upya inaweza kugawa anwani upya, na njia ya mkato uliyoiandika kwa namba ikaelekea kwa mtu mwingine au pasipo na mtu. Angalia ipconfig ya mwenyeji. Ili isijirudie, kwenye ruta tafuta Address Reservation au Static DHCP, umfungie mwenyeji namba yake.

Laptopu mwenyeji ikilala, folda zinalala nayo. Umeme ukikatika inahamia kwenye betri, na kwenye betri hulala mapema zaidi.

Mmebadilisha ruta au jina la waifai? Kwa Windows huo ni mtandao mpya, na huenda imeurudisha Public. Mtu amebadilisha paswedi? Rudi kwenye Credential Manager. Limepita sasisho kubwa? Soma tena kuhusu 24H2 hapo juu.

Dalili: inafanya kazi, lakini polepole au inakatikia njiani

Jua kwanza kasi ya haki ni ipi. Mb ni megabiti, MB ni megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Video ya harusi yenye GB 20 kwenye waya wa Mb 100 kwa sekunde huenda kama MB 11 kwa sekunde, yaani nusu saa hivi. Kwenye waya wa Mb 1000 ni dakika tatu au nne, kama diski zenyewe zinaweza. Kwenye waifai ya 2.4 GHz inayopenya kuta mbili unaweza kuona MB 3, na hapo ni karibu saa mbili. Hakuna kilichoharibika, ndivyo waifai ilivyo.

Kompyuta zote mbili zikiwa kwenye waifai, kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili, kwenda kwa ruta na kutoka kwa ruta. Mchomeke mmoja wao kwa waya na utaona tofauti papo hapo. Kama ruta ina 5 GHz na mko chumba kimoja, tumia hiyo. Kwa 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza.

Waya unaotakiwa kutoa Mb 1000 lakini unatoa 100 huenda umepoteza nyuzi. Mb 1000 inahitaji nyuzi zote nane, 100 inatosheka na nne. Tazama Link speed kwenye mipangilio ya mtandao, kisha upande darini ukatafute palipoguguna panya. Swichi ya zamani ya Mb 100 nayo itakupa dalili hiyohiyo.

Picha elfu tano ndogondogo zitachelewa kuliko video moja yenye ukubwa uleule. Zifunge kwenye faili moja la zip kwanza. Na kama kila faili la zaidi ya GB 4 linakataliwa, mtandao hauna kosa. Diski unayoandikia imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, na ndio mwisho wake. Ibadilishe kuwa exFAT au NTFS, ukijua kwamba kuifomati kunafuta kila kitu.

Faili kubwa likikatikia sehemu zilezile kila mara, acha kuifikiria ruta. Diski ya mwenyeji inaweza kuwa inakufa.

Simama hapa, mwite fundi

Diski inayogonga, inayokwaruza au inayoganda: izime. Kila jaribio la kunakili linaweza kupunguza kinachookoka. Usiipitishie programu za kurekebisha kabla ya mafaili kuokolewa.

Mafaili yamebadilika majina yote kwa pamoja na kuna ujumbe unaodai fedha: zima waifai, chomoa waya na diski za nje, kwenye mashine zote zilizokuwa zinashea. Usilipe, usifute chochote.

Baada ya radi, kama taa za matundu ya ruta haziwaki au kuna harufu ya kuungua, usifungue kifuniko na usijaribu kwa kompyuta nyingine. Ukanda huu wa Ziwa Tanganyika una radi nyingi, na tundu lililopigwa linaweza kuharibu mashine ya pili utakayoichomeka. Mvua zikianza, chomoa waya wa mtandao pamoja na wa umeme.

Windows ikiomba BitLocker recovery key, ufunguo wa kufungulia diski iliyofungwa kwa usalama, na huna, usianze kuweka Windows upya. Tafuta kwanza kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine.

Na mtu akikushauri kufungua poti 445 kwenye ruta ili ndugu aliye Dar apate mafaili, kataa, hata akiwa anajiita fundi. Poti hiyo ikielekezwa nje, inaonekana na dunia nzima.

Unapokwenda kwa fundi, nenda na picha ya ujumbe wa kosa ukiwa na namba yake yote, matokeo ya ipconfig ya mashine zote mbili, na umwambie ipi ni mwenyeji. Usimpe paswedi ya barua pepe. Muundie akaunti yake, akimaliza uifute.